Sauti ya Mama Mkwe Ilihamia Kwenye Kompyuta Mpya

Admin, jina langu libaki kwako tu, maana Lushoto ni ndogo na mawifi zangu wote wanasoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na moja, kwetu ni Singida, nimeolewa huku milimani. Nina steshenari mjini, nafanya kazi na rafiki yangu mmoja. Naandika huku uso unaniwaka kwa aibu.

Mama mkwe wangu anaishi Vuga. Kuandika meseji hajui, kwa hiyo hunitumia sauti WhatsApp, na yeye anadhani ni simu ya kawaida. Anasema, "Halo! Halo! Mwanangu, mbona hunijibu?" kisha ananyamaza akisubiri, halafu anaanza kufoka kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kishambaa. Badala ya kumwelewesha, mimi nikaona kichekesho. Nikaikata ile sauti, nikaiweka kwenye kompyuta ya dukani iwe ndiyo mlio wake kila inapogoma. Printa ikikataa tu, mama huyo analalamika. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Baadaye spika zikafa, nikasahau kabisa.

Juzi juzi mume wangu akaninunulia kompyuta mpya. Fundi alipomaliza kupiga Windows akaniuliza, "Dada, nihamishe mafaili tu au na settings zako?" Kwa uvivu wangu nikamjibu, "Hamisha kila kitu, nikiwasha niikute kama ile ya zamani." Na kweli alihamisha kila kitu.

Mume wangu akamwita mama aje aione, na dua fupi isomwe dukani. Mama alikuja na kanga mpya na kapu la karoti na viazi, tukamweka kiti cha mbele. Dua ikaisha, nikachomeka printa, mashine ikagoma. "Halo! Halo! Mwanangu, mbona hunijibu?" Duka zima likasikia. Mama akatazama kwanza simu yake. Ikalia tena. Rafiki yangu akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, na hapo ndipo mama akaelewa.

"Hiyo ni sauti yangu?" akaniuliza taratibu.

Sasa oneni ujinga wangu. Nikasema, "Mama, ni huyu fundi ameweka mambo yake." Na fundi wa watu alikuwa amesimama pale pale mlangoni! Akasema, "Dada, mimi nimehamisha nilichokikuta." Mama hakugomba. Alijifunga kanga vizuri, akaaga kila mtu kwa Kishambaa, akatoka.

Tangu siku hiyo nikimpigia na kumwambia shikamoo, anaitikia marahaba kisha anampa wifi simu. Akiwa na jambo analisema kwa Kishambaa, wifi ananitafsiria, maana Kishambaa changu ni cha kununulia kabichi tu. WhatsApp hatumi tena chochote. Ile sauti nimeshaifuta, lakini imesaidia nini?

Kinachoniumiza zaidi ni alichoniambia mume wangu. "Pale nyumbani nani anaongea na mama kwa Kiswahili? Hakuna. Alikuwa anajikaza kwa ajili yako, usijione mgeni. Akikosea alikuwa anamwomba dada amsahihishe." Jamani, mimi nilikuwa sijui! Miaka yote nimecheka kitu ambacho mwenzangu alikuwa ananipa kwa upendo.

Mume anasema niende Vuga mwenyewe nikaombe radhi, yeye hayumo. Rafiki yangu anasema nisubiri, hasira zitamtoka. Lakini yule mama hana hasira, ana aibu, na aibu hiyo nimempa mimi. Naogopa nitafika, ataitikia marahaba, aendelee kumenya viazi vyake kimya. Waliowahi kumkosea mkwe hivi, nielekezeni: nikishakaa jikoni kwake, naanza kwa kusema nini, na niseme kwa lugha gani?