Hapa Kilwa Anamlisha Mama Yake kwa Mkono, Kule Ughaibuni Alimfanya Dada wa Kazi

Admin, nakuomba unifichie jina, maana ndugu wa mume wangu wengi wanaifuata page hii. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Mitole, nina mume na watoto wawili. Tunaishi nchi moja ya Uarabuni, mume wangu yuko kampuni ya mizigo, mimi nauza kwenye duka la manukato. Sasa hivi tuko likizo huku Kilwa, Njinjo, kwa mama mkwe. Naandika huku namsikia mume wangu anacheka barazani, na kicheko chake tu kinanitia kinyaa.

Mwaka jana tulimchukua mama mkwe akakae na sisi. Ni mjane, kamlea mwanawe kwa jembe kwenye mashamba ya ufuta. Maisha yetu kule yalikuwa ya kawaida. Asubuhi mama anawaamsha watoto kwa swala, anawapikia uji, nguo anakunja hata nikimkataza. Ijumaa mume wangu anampeleka yeye na watoto ufukweni pamoja na familia za wenzake wa kazini, wanachoma samaki, watoto wanaogelea. Mimi Ijumaa nilikuwa na zamu dukani, naishia kuonyeshwa picha. Mama akirudi amefurahi, "Mkwe wangu, watoto wa wenzenu wana adabu hao! Wote wananiita Bibi."

Ijumaa moja nikapata ruhusa, nikaenda nao. Wanawake wakatandika, wakanikaribisha. Nikamwambia mama naye akae, akasema, "Wee kaa, mie acha nigeuze samaki, ndiyo kazi yangu huku." Akainama kwenye jiko la mkaa, juani, peke yake. Mtoto wa bosi wa mume wangu akaja akamtupia miguuni taulo limejaa mchanga, akapiga kelele, "Bibi! Maji!" Mama akaliokota akicheka, akakimbilia maji. Watu wakala mpaka wakajilamba vidole. Yeye kusogezewa sahani, ni vichwa na mabaki yaliyokwisha kuchokolewa na watoto.

Nikataka kuinuka, mke wa bosi akanishika mkono. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Huyu Bibi wenu mlimpata kwa wakala gani? Mfanyakazi wangu wa ndani ametoroka. Siku ile mumeo alipotuazima huyu kwa ajili ya sherehe, alifua mpaka mapazia."

Jamani. Siku hiyo naikumbuka. Mama alituaga anakwenda shughulini, kajifunga kanga mpya, kajitia udi. Alirudi kashika kiuno, nikamkanda kwa maji ya moto, na bado anasema, "Shughuli ya watu lazima uwasaidie, hata kwetu ndivyo." Kumbe kapelekwa kufua! Na lile Bibi walidhani ndilo jina lake.

Nikamjibu mke wa bosi palepale, "Huyu ni mama yake mume wangu." Akashtuka, akamgeukia mume wangu aliyekuwa karibu, akamuuliza kama ni kweli. Mume wangu akacheka, akasema, "Kwetu Afrika kila mwanamke mtu mzima tunamwita mama." Mama yake alikuwa amesimama hapohapo na chupa ya maji. Kiingereza hajui. Alipoona wanacheka, naye akacheka.

Tulipofika nyumbani nilimvaa mume wangu. Akasema, "Bosi alidhani mwenyewe siku ya kwanza kuwa ni mfanyakazi, alivyomwona na kanga na zile nyufa za miguu. Mimi nikanyamaza. Sasa nirudi nimwambie nini?" Nikamuuliza, na kumuazima je, bosi alijiazimia mwenyewe? Akanijibu, "Kwani mama ana habari? Anakula, analala kwenye kiyoyozi, analalamika nini?" Tangu hapo sikutaka hata anishike. Nilianza kulala na watoto. Ijumaa zilizofuata nilimzuia mama asiende, nikasingizia namhitaji nyumbani, mpaka muda wake wa kukaa ukaisha akarudi Njinjo.

Sasa wiki iliyopita tulikwenda wote kutembea ufukweni Kilwa Masoko, sisi na shangazi zake na watoto wa ndugu. Mume wangu kamshika mama mkono, kamtandikia jamvi kivulini, kamchambulia samaki changu mwiba kwa mwiba, anamlisha huku mpwa wake anarekodi video. Anasema kwenye simu, "Wenye mama zenu watunzeni, pepo iko chini ya nyayo zao." Shangazi wanapiga vigelegele. Mama yuleyule aliyemwacha ale vichwa na mabaki! Nilikimbilia nyuma ya miti nikatapika.

Mama mkwe akanifuata, akanishika paji la uso. "Mwanangu, una mimba wewe?"

"Hapana, mama. Samaki tu."

"Usinifiche. Basi safari hii lazima tuondoke wote, nani atakulea huko?" Kabla sijamjibu keshawarudia wenzake, anawatangazia. Mume wangu akasimama akamkumbatia mbele ya watu, akasema, "Mama, tiketi yako hii hapa kwenye simu."

Mimba sina. Lakini mama keshagawa kuku wake, shamba la ufuta keshamkabidhi kaka yake alime, anazunguka kwa majirani kuaga. Jana nilimwambia mume wangu, kama hawaambii wenzake wa kazini ukweli kabla hatujafika, nitamwambia mama mwenyewe. Akanitazama kwa utulivu kabisa, akasema, "Mwambie. Ana presha. Akianguka, utawaeleza wewe ndugu zangu nani kamuua."

Tunaondoka Jumatatu. Kila saa mama ananiita nimwonyeshe nguo zipi afunge, na leo kaniuliza kama wale watoto wa ufukweni bado wanamkumbuka. Nikimwambia nitamvunja moyo uzeeni kwake. Nikinyamaza, nampeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Ndugu zangu, wenye mama na mliofiwa na mama, nipeni akili zenu: huyu angekuwa mama yenu, mngetaka mkwe wake afanye nini?