Nilimfukuza Zainabu kwa Sababu ya Seva

Seva ilikuwa inakufa kila asubuhi, na kila ikifa, Zainabu ametoka kutuma picha.

Sasa wewe ungemshuku nani?

Naitwa Isaya, nakaa Mtwara mjini, Chikongola. Mimi na wenzangu tulikuwa tunaifundisha kompyuta kutambua ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye mikorosho. Kazi ilikuwa kwenye notibuku ya mtandaoni, ukurasa wa kuandikia programu, juu ya seva ya kukodi yenye GPU, ile chipu ya hesabu nzito, huko ng'ambo.

Zainabu alikuwa Nanyamba. Anapiga picha majani shambani kwa baba yake, anatuma kwenye grupu letu na maneno mawili matatu chini yake. Programu inazivuta yenyewe.

Ikifika saa tatu, seva chali. Mafunzo yote yamepotea.

Nilihangaika, jamani. Nikaongeza kumbukumbu. Nikabadilisha draiva. Nikafuta seva, nikaanzisha nyingine. Wapi.

Na Ijumaa ilikuwa siku ya kuwaonyesha wakulima wa Nanyamba.

Zainabu akanipigia. "Kaka Isaya, nimechunguza. Nikituma jani gonjwa haizimi. Inazima nikituma jani zima."

Nilicheka. Nikamwambia GPU haichagui majani, mdogo wangu, haya mambo yana wenyewe.

Kesho yake ikafa tena. Nikampigia baba yake, mzee Nassoro, nikamwambia binti yako anachezea asivyovijua, halafu anadanganya. Nikamtoa kwenye grupu.

Siku tatu seva ikapiga kazi bila kufa. Nikatamba kwa wenzangu, si mnaona?

Jumatano nikaamua kutuma picha kwenye grupu mwenyewe. Chini nikaandika: jani zima.

Seva ikafa.

Hapo ndipo nikakumbuka. Wiki mbili nyuma, ili seva isiachwe ikiwaka bure, niliandika kiprogramu cha kusoma meseji za grupu, nikakisahau. Mtu akiandika "washa", seva inawaka. Akiandika "zima", inajizima.

Mwenzangu anasema jani lenye afya, kiprogramu changu kinasikia amri.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Siku hiyohiyo nikaenda Nanyamba, nikawakuta baba na mwana wanapalilia. Nikaeleza yote, nikaomba radhi, nikamsihi arudi kazini.

Zainabu akasema amenisamehe, ila kurudi hapana. Hakuacha kupalilia.

Mzee Nassoro akaegemea jembe lake.

"Mwanangu, mashine haikumwelewa, sawa, haijui Kiswahili. Na wewe? Si alikwambia kwa Kiswahili?"

Nikaaga, nikarudi Mtwara.

Ijumaa nilisimama mbele ya wakulima, nikasema kosa nililitengeneza mimi na aliyeligundua ni Zainabu, na kwamba nilimwita mwongo. Alikuwa amekaa nyuma. Aliinuka akaondoka kabla sijamaliza.

Tumefundishwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mdogo, na aliyeumia ni yeye. Mdogo wako akikwambia kitu, ndugu yangu, msikilize mpaka amalize, ndiyo ucheke.