Miguu ya Babae

Sanduku la mama lilipofunguliwa, nyumba ya shosho, bibi yangu mzaa mama, kule Dundori iliacha kunuka viazi na moshi. Ikanuka udi, sabuni ya kigeni na, chini kabisa, wino wa mashine ya fotokopi. Nilikuwa na miaka tisa, mvua ya Aprili ilikuwa ikipiga mabati mchana kutwa, na yule mwanamke aliyekuwa akikunja nguo zake kitandani nilimjua kwa sauti ya simu tu. Alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani hata sijaanza shule. Siku aliposhuka langoni nilimpa mkono kama mgeni, nikamwita anti. Shosho alicheka. Mama hakucheka. Tangu hapo sikumwita chochote, na swali moja halikunitoka akilini: huyu amekuja kukaa, au amekuja kutuona tu kisha arudi? Niliogopa kuuliza.

Chini ya zile nguo kulikuwa na vijitabu vya katuni, karatasi za fotokopi zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa stepla. Vilichorwa na Lorna, Mfilipino aliyefanya kazi na mama nyumba moja. Mama alinieleza huku akinyoosha pembe zilizokunjika: kwao Ufilipino mchoraji hangoji kampuni imchapishie. Anachora mwenyewe, anatoa nakala zake dukani, anapanga meza pamoja na wachoraji wenzake, wanauza na kubadilishana, nipe chako nikupe changu. Huko Uarabuni Lorna na wenzake walifanya vivyo hivyo bustanini, siku yao ya mapumziko. "Lakini hiki alinichorea mimi," mama akasema, akakisukuma kimoja chini ya mto. Sasa jamani, umwambie mtoto hivyo halafu utegemee asikiguse?

Alipotoka kwenda kuteka maji, nilikitoa. Jaladani kulikuwa na neno moja kubwa: BABAE. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametufundisha kwamba "baba yake" hufupishwa "babake" au "babaye", basi nikaona wazi kuwa ni neno lile lile, limekosewa herufi. Nyumbani kwetu habari za baba yangu hazikutajwa kabisa, hata kwa mzaha. Nikafunua kurasa nikimtafuta mwanamume mwenye pua kama yangu. Hakuwepo. Kulikuwa na mwanamke aliyekatika kiunoni, matumbo yananing'inia, mabawa mgongoni, akiruka juu ya paa la mabati, na ndani ya nyumba mtoto amelala. Nilisoma hadi mwisho, neno nisielewe.

Jioni hiyo, tukila mukimo wa viazi na mahindi, nilishindwa kuvumilia. "Babae ni nani?" nikauliza, nikakiweka kijitabu mezani. Mama aliacha kutafuna. Shosho alikivuta, akakiangalia, akaruka juu.

"Mashetani! Wairimu, umelaza hii kitu kwa nyumba yangu, na mtoto ako hapo?"

Akaelekea jikoni, kwenye kuni zinazowaka. Mama alimdaka mkono. Sijawahi kuona mtu akimshika shosho mkono namna ile, nikadhani watapigana mbele yangu.

"Mami, tafadhali, usichome. Babae si baba ya mtu. Kwa kina Lorna ni mwanamke. Ni mimi huyo."

Akatueleza akiwa bado ameushika mkono wa shosho. Katika hadithi za kina Lorna kuna jitu linaitwa manananggal, mwanamke anayejikata kiunoni na kuruka kwenda kula watu. Miguu yake hubaki imesimama, na ukiimwagia chumvi hawezi tena kuungana nayo. Lorna aliigeuza hadithi. Babae wake hali mtu. Jua likizama anaacha miguu jikoni kwa madam aliyemwajiri, anaruka kuja kumchungulia mtoto wake, na kabla ya asubuhi lazima arudi, kwa sababu miguu inangojwa na kazi. Shosho alikirudisha kijitabu mezani taratibu, akaketi.

Nikaangalia chini ya meza, kwenye slipa za mama. "Na yako iko wapi saa hii?"

Mvua ilikuwa nyingi, lakini nilimsikia vizuri. "Bado iko huko," akasema. Ndipo nikamwita mama kwa mara ya kwanza, nikilia, nimeng'ang'ania sketi yake kwa mikono miwili. Viazi vilipochimbwa aliondoka, akaniachia Babae.

Leo naishi Nakuru mjini, nachora katuni zangu mwenyewe, nazitoa fotokopi na kuzibana kwa stepla, na wanafunzi wa Njoro wananiletea zao tubadilishane. Zamani nilimngoja mama kwenye simu. Siku hizi ananigombeza kutoka chumba cha pili kwamba namaliza karatasi. Magoti aliyorudi nayo ni mabovu, hivyo kila jioni namwekea beseni la maji moto ya chumvi aloweke miguu. Nikishachukua chumvi, mkono wangu husita. Yeye huona, hucheka.

"Mwaga tu," ananiambia. "Miguu iko hapa."