Siku Niliyopelekwa Kuona Bandari

Nyumba yetu ya Bugarama ilinuka dagaa. Baba alikuwa mchuuzi; kila mwezi alikwenda kuwanunua bandarini, katika mji mdogo wa ufukweni mwa ziwa upande wa Geita, akaja kuwauzia wachimbaji wa dhahabu, na magunia yalilala chumba kimoja na mimi. Sare yangu ilinuka, madaftari yalinuka, na wenzangu darasani walinitania mpaka wakachoka wenyewe. Basi likizo ya mwezi wa sita, nikiwa darasa la tatu, baba akasema tutakwenda wote, nikatembee, nione meli. Nilimwangalia mama nikijua atakataa, maana hakuwa mtu wa kuniachia hata kisimani peke yangu. Mama akanipaka mafuta mpaka vidole vya miguu, akanivalisha gauni la Krismasi, akamwambia baba anitembeze kila mahali.

Ziwa lilinivuruga akili. Mimi mtoto wa machimboni nilijua kwamba shimo likiwa kubwa kuna watu wamelichimba, kwa hiyo nikamuuliza baba ni kampuni gani iliyochimba lile, na udongo wake waliumwaga wapi. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Akanionyesha gati, na malori yakiingia kwenye kivuko kinyumenyume, na ghala la zamani lenye bati lililoliwa na kutu, na korongo wakubwa wakizurura katikati ya akina mama walioanika dagaa, hawaogopi mtu. Vyote vilikuwa vizuri. Tatizo lilikuwa watu. Kila tulipopita walimsalimia, "Baba Zawadi, za safari?" naye anaitika. Kwetu baba ni Baba Kabula, na Kabula ni mimi, mtoto wa kwanza. Nikadhani wanamfananisha. Mama muuza chai alipomwita hivyo, nilimsahihisha kwa adabu zangu zote: "Shikamoo mama. Huyu ni Baba Kabula." Akaitikia marahaba, akamtazama baba, kisha akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Mchana tulikula kwenye nyumba moja nyuma ya soko la samaki. Mwenye nyumba, mama mmoja mpole, alinipa sato mzima peke yangu, na binti yake aliyenizidi kimo akaninawisha mikono. Huyo ndiye Zawadi. Alikuwa na paji la uso la baba, na mwanya wa baba, akamwita baba "Baba" bila kusita. Nikamngoja baba anieleze. Yeye akawa ananitolea miiba ya samaki. Sato alikuwa mtamu lakini nilimwacha nusu. Niliogopa, na nakumbuka vizuri nilichokiogopa: kwamba jioni gari litaondoka na mimi peke yangu, yeye abaki kule na hilo jina lake jingine. Njia nzima ya kurudi nilimshikilia mkanda wa suruali.

Mama tulimkuta anasonga ugali. Akaniuliza nimeona nini. Nikataja kivuko, korongo, ghala, halafu uvumilivu ukanishinda, nikasema kule baba anaitwa Baba Zawadi. Nilitegemea mwiko udondoke. Mama akaendelea kusonga. "Amekuwa mkubwa?" akauliza. Nikasema ananizidi. "Haya, kanawe mikono tule." Nilinawa, lakini kichwani hakuna kilichokaa sawa.

Siku hizi kuna lami, na wanangu wanapigiana simu za video na watoto wa Zawadi kila Jumapili bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwao mambo ni mepesi. Mimi yamenichukua miaka, na bado sijayamaliza. Baba tulimzika mwaka jana, mimi na Zawadi tumekaa mkeka mmoja. Baada ya matanga nilimuuliza mama kwa nini alikubali nipelekwe siku ile. Niliuliza kwa hasira, sitaficha.

"Kukubali?" akasema. "Mimi ndiye niliyemtuma. Baba yako alikuwa anaogopa. Watu wengi wanawajulia ndugu zao makaburini, mayu, mwanangu. Kwako sikutaka hivyo."

Nikamuuliza, na yeye je, hakuumia? Akasema kwamba asubuhi ile, gari letu lilipoondoka, alichukua jembe akaenda kulima, na mvua zilikuwa zimekwisha zamani, hakuna mtu yeyote shambani.