Kambi Aliyoisifu Kosmasi

Jumuiya yetu ya kanisa, hapa Rahaleo mjini Mtwara, ilinituma nikachague mahali pa kambi ya watoto. Nasema ilinituma, lakini ukweli ni kwamba niliomba mwenyewe.

Kila mwaka shule zikifungwa mwezi wa sita tunawapeleka watoto wa jumuiya baharini asubuhi na kuwarudisha jioni. Mwaka huu wazazi walitaka tuwatoe mbali kidogo, walale siku mbili. Mwenyekiti wetu, Mzee Tadei, akakumbusha kwamba marehemu mume wangu, Kosmasi, alikuwa haachi kulisifia ziwa moja karibu na kwao Kitaya. Kuna mchanga mweupe, alikuwa akisema, kuna mkwaju mkubwa wenye kivuli cha kutosha ukoo mzima, na upepo unaomlaza mtu kama mtoto mchanga. Alivua perege pale kabla hajaja mjini kubeba mizigo bandarini. Basi kikao kikaamua kambi iwe palepale, na Jumapili asubuhi tusali chini ya ule mkwaju tumwombee.

Wote wakanitazama. Ilikuwa miezi minane tangu tumzike. Nikasema nitakwenda kupaona kwanza, kwa kuwa mimi ni mpishi wa shule na siwezi kupeleka watoto ishirini na wawili mahali ambapo sijaona maji wala kuni. Hiyo ndiyo sababu niliyoitaja. Nyingine sikuitaja. Miaka ishirini na minne ya ndoa, Kosmasi hakuwahi kunifikisha kwenye ziwa lile. Kila tulipokwenda Kitaya ilikuwa msiba au harusi, na kesho yake tunarudi. Nilitaka nilale usiku mmoja pale alipolala yeye.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Mtwara na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, kwa sababu kule ni mpakani na mgeni lazima ajulikane. Ulikuwa wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho. Kila tulipopita shambani, vumbi la njano lilikuwa limetanda juu ya miti na dereva akapandisha vioo. Abiria mmoja alinipa pole ya msiba, nikamjibu tumeshapoa. Huwa najibu hivyo, ingawa si kweli.

Mahurunga tulifika saa tatu. Gari liliishia hapo, nikapanda pikipiki. Kutoka hapo nchi inabadilika. Mikorosho inapungua, unaingia kwenye miombo, miti yenye majani yaliyokwisha kuanza kuwa mekundu, halafu ghafla miti inaachana na unaona mbuga ya nyasi hadi macho yanachoka. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, yamebaki mabua. Mbele kabisa kuna mstari wa kijani kibichi, ndiko mto Ruvuma ulipo, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mimi nimezaliwa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako bibi zetu walishuka mabonde na kupanda ili wapate ndoo moja ya maji. Nikitazama nchi ya chini kama ile, yenye maji yanayokaa tu bila kufuatwa, huwa naona kama watu wake wamependelewa.

Kitaya, saa nne na nusu. Nilimkuta wifi yangu Rozaria, dada mkubwa wa Kosmasi, anaanua samaki kwenye kichanja. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akaweka samaki chini, akanizunguka mara moja.

"Wifi, kaka yangu alikuacha na mwili wako wote. Umeupeleka wapi?"

Msomaji asishangae. Mimi ni Mmakonde, wao ni Wamakua ambao babu yao alivuka mto kutoka Msumbiji, na kwetu na kwao ni watani. Juu ya hapo ni wifi yangu. Kwa hiyo mdomo wake una vibali viwili. Siku ya mazishi alilikalia jembe akakataa kaburi kuchimbwa mpaka apewe kuku, na ndiye mtu pekee siku ile ambaye nilimwelewa.

Nikamweleza shida yangu. Akaniuliza kama nimekula, akanipa uji, kisha tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji na barua. Mwenyekiti alisoma, akaweka mhuri, akasema Rozaria anapajua pote, nimfuate yeye.

Saa sita mchana tulianza kutembea. Rozaria alinipitisha kwanza kwenye shamba la mikorosho la shemeji yake. Kivuli kilikuwa kizuri na kijiji kiko karibu, lakini jirani alikuwa anapuliza salfa, na kabla sijamaliza kukagua macho yalikuwa yananiwasha. Nikafikiria watoto ishirini na wawili wakiyasugua macho usiku kucha. Nikasema hapana.

Kutoka pale akanipandisha kwenye mwinuko, mahali mbuga inapokutana na miombo. Palikuwa na uwazi wa udongo mwekundu ambapo wanawake wanaokata nyasi za kuezekea hupumzika. Pampu ya mkono ya kitongoji ilikuwa hapo karibu. Ziwa lilionekana kwa mbali, dogo, kama sinia la bati lililosahauliwa nje. Rozaria akakaa kwenye gogo akaniambia nitazame vizuri. Sikutazama. Sitaficha hilo. Nilikuwa nimesimama pale macho yangu yakiwa kwenye lile sinia, na nikamwambia twende, hapa si penyewe.

"Penyewe ni wapi?"

"Kwenye mkwaju wa kaka yako."

Akafunga upya kanga yake, tukateremka.

Saa nane na nusu tukafika ziwani. Lina jina refu la Kimakua, lakini wenyeji wanaliita Ziwa tu, kwa kuwa hawana jingine. Nataka niseme wazi kwamba Kosmasi hakuongopa hata neno moja. Mchanga ulikuwa mweupe. Mkwaju ulikuwepo, umetandaza matawi, na chini yake nyasi zilikuwa fupi na laini kana kwamba kuna mtu anazifyeka kila wiki. Upepo wa kusi ulikuja juu ya maji ukanigusa shingoni. Ndege weupe walisimama kwenye matete wala hawakutujali. Nilihisi kama nimefika kwa mtu ambaye ametoka tu, na atarudi sasa hivi.

Nikaanza kupanga. Jiko nitaliweka huku, moshi uende ziwani. Mahema ya wasichana karibu na shina, ya wavulana kule. Godoro langu nilishaliona lilipo. Halafu nikaona njia pana, imekanyagwa vizuri, imenyooka kutoka kwenye nyasi mpaka majini. Nikafurahi zaidi.

"Wifi, hata njia ya kuchotea maji ipo."

Rozaria alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka akashika mbavu, akasema kitu kwa Kimakua, akacheka tena. Mimi nimesimama tu.

"Mmakonde," akasema alipopata pumzi. "Nyie maji mnayajulia kwenye ndoo. Hiyo njia ina wenyewe. Wanapita jua likizama na wanarudi alfajiri, na kila mmoja ana uzito wa gari lililokuleta."

Akanishika mkono akanionyesha. Kwenye tope la ukingoni kulikuwa na nyayo za vidole vinne, kila moja pana kama sufuria. Kwenye vichaka vya kando ya njia mavi yalikuwa yamerushwa mpaka usawa wa kifua changu. Na zile nyasi nilizodhani zimefyekwa zilikuwa zimeliwa. Nilikuwa nimepanga mahema ya wasichana kwenye malisho ya viboko.

Nikasema Kosmasi alilala hapa. Rozaria akaacha kucheka, lakini si sana.

"Alilala usiku mmoja. Baba alimkataza, wavuvi wenzake walimkataza, akasema yeye ameona mahali pazuri. Asubuhi niliitwa nije nimtoe. Alikuwa juu ya mti huu, amekumbatia tawi. Chungu chake kilikuwa kimegeuka vigae, na wavu umevutwa hadi majini."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuwa anakuposa. Mwanamume anayeposa hasimulii siku aliyopanda mti."

Nilicheka. Sikutegemea. Kilikuwa kicheko cha ghafla kilichotoka na sauti mbaya, na ndicho cha kwanza tangu mazishi. Nilimwona Kosmasi wangu, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mpigo, amekumbatia tawi anaita dada. Halafu hasira zikanishika, kwa kuwa miaka yote ile angeweza kuniambia.

Sasa naandika sehemu ambayo siipendi. Baada ya kuona nyayo zile, bado nilibishana. Nikasema tutawasha mioto pande zote. Nikasema wanaume watakesha kwa zamu, watoto watalala katikati, ni siku mbili tu. Nilijua hata nyumbani hakuna atakayenipinga, maana mwenye msiba hapingwi. Rozaria alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia.

"Wifi, hii kambi ni ya watoto au ni ya kwako?"

Nikakaa mchangani nikalia. Akakaa pembeni yangu, akichorachora kwa kijiti, mpaka jua lilipoanza kuinama upande wa mto. Ndipo akaniinua, akasema saa hizi wenye njia wanaanza kujiandaa.

Jioni kwa Rozaria tulikula ming'oko ya kuchemsha, mizizi ile ya porini ambayo mjini tunaigombania, pamoja na perege. Akanisimulia mambo mengine ya kaka yake ambayo siwezi kuyaandika, mengine kwa sababu ya aibu na mengine kwa sababu ni yangu sasa.

Jumamosi, saa moja asubuhi, nilimwomba anirudishe kwenye mwinuko. Safari hii nilipatazama kama mpishi. Nilipampu ndoo nzima, maji yakatoka meupe na hayakuwa na chumvi. Kuni za miti iliyoanguka zilikuwa za kutosha bila kukata mti. Nikawasha majani makavu kidogo nione moshi unakokwenda, ukaelekea mbugani, mbali na pale mahema yatakapokaa. Rozaria aliniambia viboko hawapandi mpaka pale, maana nyasi tamu ziko chini na wao hawapendi kilima. Zahanati ilikuwa mwendo mfupi kwa miguu. Hapakuwa pazuri kama kwenye mkwaju. Udongo ni mwekundu, nguo zitachafuka. Nikamwambia hapa ndipo.

"Hata jana palikuwa hapahapa," akasema.

Jumapili nilikuwa Rahaleo, na baada ya ibada tukakaa kikao. Nilieleza habari za maji, kuni na moshi, nikasema nimechagua mwinuko. Mzee Tadei akasafisha koo. Alisema kwa upole, na najua alikuwa ananipenda aliposema.

"Mama Anjela, tulikuwa tumepania pale alipopapenda marehemu. Kama kuna hatari kidogo, wanaume tupo. Wewe ndiye mfiwa, tunakuachia uamue."

Nikaona vichwa vinaitika. Wangekubali. Ningesema neno moja tu na watoto wote wale wangelala kwenye njia ya viboko kwa heshima ya mume wangu.

"Msiniachie kwa sababu nimefiwa," nikasema. "Niachieni kwa sababu nimepaona."

Kisha nikawaeleza yote. Nikawaambia nilivyodhani ile ni njia ya kuchotea maji, nilivyobishana na wifi hata baada ya kuona nyayo, na kwamba aliyetaka kulala pale ni mimi, si watoto. Mwisho nikasema habari za tawi. Mwanzoni hakuna aliyethubutu kucheka. Halafu mama mmoja pale nyuma, ambaye mume wake alifanya kazi na Kosmasi bandarini, akashindwa kujizuia, na baada yake chumba chote. Mzee Tadei alivua miwani akafuta macho. Tangu mazishi walikuwa wakilitaja jina la Kosmasi kwa kunong'ona.

Mwisho wa mwezi tulikwenda. Watoto walilala kwenye mwinuko, wakarudi na nguo nyekundu. Jumapili, jua likiwa limepanda, Rozaria na wanaume wawili wa kijiji walitushusha mpaka mahali salama, tukamwombea Kosmasi tukiutazama mkwaju kwa mbali. Baada ya Amina, mtoto mmoja akauliza ni tawi lipi. Rozaria akalionyesha palepale, bila kufikiri.

Nilichojifunza ni kidogo, nami nakiandika kwa ajili ya wale wanaotaka kupeleka watu wao nje ya mji. Mahali pa kulala aulizwe mtu anayeishi pale, na akicheka asichukiwe. Hilo ni la kambi. La kwangu ni kwamba nilikwenda kumtafuta mume wangu mahali alipolala, nikakuta hakupata hata lepe la usingizi. Siku hizi watu wa jumuiya wananichokoza kuhusu yule mpanda miti wangu. Ninacheka nao. Nikifika nyumbani nalia kidogo, na siyo kilio kile cha mwanzo.