Detanderi ya Numbi: Kutoka Panda hadi Lubumbashi, na Kurudi kwa Njia ya Ziwa

Niliondoka nyumbani kwangu Panda, katika mji wa Likasi, kwa sababu mjukuu wangu Numbi alikuwa amepata kazi ya kuzama majini, na kazi hiyo ilimtaka aje na chombo chake mwenyewe cha kupumulia. Kikosi kilichomkubali kilikuwa kimepewa shughuli ya kutoa pampu iliyozama katika shimo la zamani la mawe, upande wa Kakontwe, ambalo sasa limejaa maji. Wengi wa kikosi hicho hushuka wakiwa wameuma mpira mrefu unaoletewa hewa na kompresa iliyowekwa ukingoni, kama ile ambayo wachimbaji hutumia kupeleka hewa ndani ya mashimo yao. Kompresa ikizimika, aliye chini hana hewa tena. Mkubwa wa kikosi alimwambia Numbi kwamba Jumatatu aje na detanderi, ama aume mpira kama wenzake.

Detanderi hufungwa juu ya chupa ya hewa ambayo mzamaji hubeba mgongoni. Hewa ya chupa ina nguvu kubwa. Detanderi huipunguza nguvu hiyo, ili mtu aivute kwa mdomo bila kuumia. Nilielezwa hivyo, nikaelewa. Nikasema mjukuu wangu hataushika mpira ule kwa meno yake. Jambo hilo halikujadiliwa.

Mimi sikusoma, Numbi ndiye anayeandika haya ninapoyasema. Lakini vyuma navijua. Nimeuza robine za kufungulia maji na sufuria katika soko la Likasi tangu baba yake akiwa mgongoni mwangu, na hakuna aliyewahi kunipa chuma cheupe kilichopakwa rangi akaniambia ni shaba. Ndani ya kitenge changu hukaa tupa ndogo. Kabla ya kununua kitu, hukikwaruza mahali pasipoonekana, ndani ya mdomo wa robine au chini ya mguu wa sufuria, nipate kuona rangi iliyofichwa na mng'aro. Wauzaji wote wa kwetu hufanya hivyo, na mwenye mali asipoona, hapana ugomvi. Kwa ajili hiyo nilijiona mimi ndiye wa kwenda kuchagua.

Alhamisi asubuhi tulipanda taksi-basi ya Lubumbashi. Nilikuwa na mfuko wa robine nilizokusudia kuwauzia mafundi wa mjini, ili safari isiwe ya mkono mtupu. Numbi alikaa karibu nami akiwa na simu yake, akitazama picha za vyombo vya kuzamia.

"Kambo," aliniambia, maana ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyomwita bibi, "unajua tunaenda kutazama nini?"

"Chuma."

"Njo ile inanitia woga."

Njo ni ndiyo ya kwetu. Njia ni ya lami, na malori ya madini yanaijaza kwenda na kurudi, moja nyuma ya jingine. Vumbi lao limeigeuza miti ya pembeni kuwa na rangi moja. Tulipita Kapolowe bila kushuka.

Mchana tulifika katika duka moja la vifaa vya migodi mjini Lubumbashi. Kulikuwa na kofia ngumu, buti, pampu, kamba za kila unene. Mwenye duka, Mama Nadège, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, alitufungulia kabati la kioo. Humo mlikuwa na detanderi mbili. Ya kwanza ilikwisha kutumika Ulaya, nzito kama pasi ya makaa, inang'aa yote, nayo ilikuwa na mdomo mmoja wa kuvutia hewa. Ya pili ilikuwa mpya, ndogo, sehemu yake kubwa ni plastiki nyeusi, na mipira yake ilibeba midomo miwili, mmoja mweusi na mmoja wa manjano.

"Juu ya nini hii iko na midomo mbili?" niliuliza.

"Moja ya kwake, Kambo, na moja ya mwenzake, kama hewa ya mwenzake inakatika."

"Kila muntu akuye na ya kwake."

Mama Nadège alicheka. "Aba! Kambo weye uko mukali kupita bantu ba duane ba ushuru wa mupaka!"

"Kambo, minye nataka hii mwepesi," alisema Numbi kwa sauti ya chini. "Mwalimu wangu wa kuzama iko na ya namna hii."

"Mwalimu wako alikuya kulipa?"

Niliipima ile nzito kwa mkono wa kulia, kisha kwa mkono wa kushoto. Mama Nadège alipogeuka kutafuta boksi, nilitoa tupa, nikaikwaruza ndani ya pete, pale inapokalia juu ya chupa, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Chini ya mng'aro ikatokea rangi ya njano, shaba ya kweli iliyochanganywa vizuri. Sikuona haja ya kuuliza zaidi. Nikalipa.

Numbi ameinua kalamu hapa, akitaka tupite. Nimemwambia aandike.

Ijumaa asubuhi, katika kurudi, tulishuka Kapolowe. Numbi alitaka mwalimu wake akione chombo kabla ya Jumatatu. Pikipiki zilitupeleka hadi ukingoni mwa ziwa Tshangalele. Ni maji mapana, yaliyotulia, yenye matete pembeni na mitumbwi iliyovutwa juu ya tope. Wanawake walikuwa wakigeuza samaki juu ya vichanja. Mwalimu, Papa Kalenga, alifanya kazi ya kuzama kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na sasa huwafundisha vijana wachache katika maji hayo. Ni mtu mkavu, hana maneno mengi. Hilo lilinipendeza.

Aliifunga detanderi juu ya chupa yake, akafungua hewa. Ikasikika sauti nyembamba, kama ya mtu anayepuliza kati ya meno. Akaishusha chupa majini. Kutoka mahali pale pale detanderi ilipokalia chupa ukatoka mstari wa mapovu madogo, usiokatika.

Papa Kalenga alifunga hewa, akaifungua ile pete, akapitisha ukucha ndani yake.

"Nani aliingiza kisu humu?"

Numbi alinitazama.

"Si kisu," nilijibu. "Ni tupa. Ni minye."

"Juu ya nini, Kambo?"

"Nilitaka kuona kama ni mukuba, shaba ya kweli."

"Na uliona?"

"Niliona."

"Bon. Sasa na hewa imeona njia." Aliigeuza kwenye mwanga, akanionyesha. "Hapa njo hewa inafungiwaka. Kuko mupira mudogo wa duara kwenye chupa. Unalala juu ya hii chuma, na chuma inaomba kuwa laini sana. Weye umelima mufereji."

Nilimwuliza kama naweza kuisugua hadi ilainike tena. Alinijibu kwamba nisiiguse tena hata kwa kitambaa. Kipande kile hubadilishwa, hakisuguliwi, na kwa detanderi ile ya zamani hajui mtu aliye na kipande chake hapa Katanga.

Numbi alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. "Bon, Kambo," alisema, bila hasira, "Jumatatu nitauma mupira. Banaumaka bote."

Maneno hayo sikuyakubali. Nilimwomba Papa Kalenga anieleze jinsi mtu asiyejua kitu anavyochagua detanderi ya kwanza, naye akaeleza akiwa amesimama. Uzito hauna maana. Cha kwanza ni kuuliza nani ataifungua na kuisafisha kila mwaka, na vipande vyake viko wapi. Chombo kisicho na fundi wa karibu ni pambo. Maji ya mashimo ya mawe yana tope jembamba, kwa hiyo ichaguliwe ile iliyofungwa mbele, tope lisipate kuingia katika springi. Mtu auweke mdomo wa detanderi kinywani, auume, aone kama taya linachoka. Avute hewa chupa ikiwa imefungwa: akipata hata kidogo, mahali fulani pana tundu. Kisha chupa ifunguliwe, atie uso katika maji, apumue.

"Na mdomo wa pili?" niliuliza.

"Mwenye kuanza asishuke bila ule," alisema. "Chini kule, muntu mwenye kukosa hewa haombi. Ananyang'anya ya mdomoni mwako."

Jumamosi tulirudi Lubumbashi. Niliiweka detanderi nzito mezani pa Mama Nadège, nikamwambia nimeiharibu mwenyewe, na wapi, na kwa nini.

Aliitazama, akanitazama. "Kambo, mwizi anarudishaka mali siku ingine. Lakini mwenye kukwaruza, njo mara ya kwanza namuona anarudi!"

"Uko na vipande vyake?"

"Vya hii? Hata kimoja. Vya ile ndogo niko navyo, na fundi iko nyuma ya duka, anatengeneza za bazamaji ba Kolwezi."

Niliomba chupa na beseni la maji. Alidhani namtania, kisha akaagiza viletwe. Numbi aliuma mdomo wa ile ndogo, akavuta hewa chupa ikiwa imefungwa, haikuja. Ikafunguliwa, akatia uso katika beseni, akakaa humo kwa utulivu. Alipoinua uso nilivua kitambaa cha kichwa, nikainama, nikatia uso wangu. Wateja waliokuwa wakichagua buti waliacha kuchagua.

"Kambo anazama!" mmoja aliita. "Mufungeni kamba!"

Niliwaacha wacheke. Hewa ya ile ndogo ilikuja mara tu nilipoitaka, bila kubishana. Nikaomba nijaribu na ile nzito, ingawa ilikuwa ikipuliza pembeni. Ile nililazimika kuivuta, kama mtu anyonyaye uji mzito kwa mrija. Kwa hiyo hata kabla ya tupa yangu haikuwa chombo cha kumfaa mtoto. Nilitazama chuma, sikutazama pumzi.

Mama Nadège aliichukua ile nzito iwe pambo la kabati lake, pamoja na mfuko wangu wote wa robine, na Numbi akatoka na ile ndogo. Tulifika Likasi jioni hiyo. Jumapili tulikwenda kusali kama kawaida.

Jumatatu nilimsindikiza Kakontwe. Hakunialika. Shimo lina kuta nyeupe za mawe ya chokaa, na maji yake ni ya kijani, hayaonyeshi kilichomo. Kompresa ilikuwa ukingoni ikinguruma. Mzamaji mmoja wa mpira, jina lake Delphin, mwanamume wa makamo mwenye mabega mapana, aliuona ule mdomo wa manjano ukining'inia kifuani mwa Numbi.

"Kambo, umemununulia mutoto midomo mbili?" aliniuliza. "Ataongea mara mbili ao atakula mara mbili?"

"Uma mupira wako," nilimwambia.

Walishuka wawili, Delphin na mpira wake, Numbi na chupa yake, ili wafunge kamba kwenye pampu. Nilikaa juu ya jiwe nikitazama mapovu. Yalikuwa mafungu mawili. Baada ya muda kompresa ilikohoa, ikakohoa tena, ikazimika. Mtu wa kompresa alianza kuivuta kamba ya kuiwashia, akiita mafuta yaletwe. Fungu moja la mapovu likakoma. Nilisimama. Sikuita, kwa kuwa kuita hakufiki chini.

Kisha lile fungu la pili likawa nene, likasogea polepole kuelekea ukingoni. Vikatokea vichwa viwili vilivyokaribiana. Numbi alikuwa amemshika Delphin kwa mkanda. Delphin alikuwa na ule mdomo wa manjano kati ya meno yake, na hata alipofika penye mawe, juu ya maji, akiwa na hewa yote ya Kakontwe mbele yake, hakuuachia mpaka Numbi alipoutoa kwa mkono.

Mtu wa kompresa akaiacha kamba yake.

Nilichojifunza katika safari hii ni kifupi. Tupa yangu ingali ndani ya kitenge, na sokoni naitumia kama zamani, maana robine haipumui. Lakini kitu ambacho mtu atakiweka mdomoni chini ya maji, anayekipima ni yule atakayezama, kwa pumzi yake mwenyewe. Na anayelipa akae kimya.

Jumanne Delphin alikuja nyumbani Panda, amevaa shati safi, kuuliza duka liko barabara gani. Nilimwelekeza. Nikamwambia akifika aombe beseni.