Shemeji alifaulu mtihani wa udaktari bingwa, tukaloweka ulezi, kumbe kufaulu ni kuruhusiwa kupanga foleni

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu huwa nasoma tu, siandiki. Ila juzi kuna kijana aliuliza maksi ngapi zinatosha kuingia masomo ya udaktari bingwa, akajibiwa kila mtu na lake. Nikacheka peke yangu, maana swali hilo liliwahi kuusumbua ukoo wa wakwe zangu wote.

Nitaeleza yalivyokuwa. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Ilikuwa miaka ya ruksa, katikati ya tisini. Sumbawanga mjini mitumba imejaa, soda za kila rangi, na pale Majengo lilikuwa limefunguliwa duka lenye simu ya kulipia. Ukitaka kumpigia mtu wa Dar huna haja ya kupanga foleni posta. Mwenye duka alikuwa Bi Zuhura, mama mmoja wa Kipili, kule ziwani. Mimi nilikuwa fundi baiskeli, kibanda changu kinatazamana na mlango wake.

Mke wangu Oliva alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, katika kujifungua. Damu haikukata. Bingwa wa akina mama wa karibu alikuwa Mbeya, na barabara ya wakati ule wenyeji mnaijua. Mtoto naye hakukaa. Hapo sitaongeza neno.

Oliva alikuwa na mdogo wake wa kiume, Kizito, daktari wa kawaida kule Namanyere. Baada ya kumzika dada yake alisema anakwenda kusomea ubingwa wa akina mama, kisha arudi hapa hapa Rukwa. Hakulisema kwa kulia, alilisema kama mtu anayeaga kwenda shamba. Akaenda Dar, akafanya mtihani wa kuingia, akarudi kazini. Tukabaki tunasubiri.

Sasa wakuu, kabla sijaendelea mjue kitu kimoja kuhusu sisi.

Kwetu mtihani tulioujua ni mmoja, wa darasa la saba. Na ulikuwa na majibu mawili tu. Jina lako likibandikwa, umefaulu, unakwenda sekondari, mama anapiga vigelegele. Lisipobandikwa umefeli, unachukua jembe. Mtu wa katikati hakuwepo. Mimi nilichukua jembe, baadaye spana.

Kwa hiyo siku Bi Zuhura aliponiita kutoka mlangoni kwake, mikono yangu imejaa grisi, mimi nilisikia kama mtu wa darasa la saba.

"Fundi, shemeji yako kafaulu. Rafiki yake kapiga kutoka Dar. Kiwango ni sitini, yeye kapata sitini na moja."

Oneni kwamba hapo hakuna aliyesema uongo. Rafiki alisema kweli, Bi Zuhura alirudisha neno kwa neno. Wateja waliokuwa dukani wakanipa mkono. Hadi nafunga kibanda, Majengo nzima inajua Kizito ni bingwa.

Nikapanda baiskeli hadi kijijini kwa wakwe. Mkwe kwetu hajiingilii tu. Nilichuchumaa mbali kidogo na mlango, nikapiga makofi taratibu, nikasalimia, nikasalimiwa, nikaulizwa habari za mjini, za kazi, za mvua. Ndipo nikatoa taarifa.

Baba mkwe alitikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

Mama mkwe tangu msiba alikuwa mtu wa kukaa na kutazama chini. Siku hiyo aliinuka, akaenda ghalani, akarudi na ungo umejaa ulezi. Jioni ile ile ukaingia majini.

Wasiojua pombe ya ulezi niwaeleze. Ulezi ukishalowekwa haurudi ghalani. Unaota, unaanikwa, unasagwa, unapikwa, na siku pombe itakapoiva ndiyo siku ya sherehe, upende usipende. Pombe ndiyo inayopanga ratiba, mwenye nyumba anafuata.

Kizito mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ziwani akichanja watoto katika vijiji visivyofikika ila kwa boti. Hatukuwa na njia ya kumpata, na kusema kweli hakuna aliyeona haja. Mtu umuulize nini wakati maksi zimevuka?

Mialiko ikatoka. Katekista akaalikwa. Mzee Masanja naye, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake, akaahidi dume moja. Alisema kijana akiwa bingwa na yeye atapata mahali pa kupeleka wake zake.

Kizito alifika sherehe ikiwa kesho yake, juu ya lori la dagaa, ananuka ziwa. Akaona mitungi imepangwa ukutani. Akauliza nani anaoa.

Baba mkwe akamwambia haoi mtu, ni yeye kaitwa kusomea ubingwa.

Nilikuwepo, nilimwona alivyokaa chini bila kutafuta kigoda. Akauliza taarifa ilisemaje. Nikarudia: kiwango sitini, umepata sitini na moja. Akafumba macho.

Kisha akaanza kueleza. Kwamba kile kiwango si cha kuchukuliwa, ni cha kuruhusiwa kupanga foleni. Chini yake huhesabiwi kabisa. Ukishavuka, wanawapanga kuanzia mwenye maksi nyingi, wanashuka mpaka nafasi ziishe. Na nafasi za magonjwa ya akina mama ni chache, wanaozitaka ni wengi. Aliyevuka kwa maksi moja yuko mkiani.

Baba mkwe alisikiliza hadi mwisho. Ni mzee wa kuuliza polepole.

"Na waliofeli je?"

"Hao hawapo kwenye foleni, baba."

"Wako wapi?"

"Nyumbani kwao."

"Na wewe uko wapi?"

"Nipo hapa nyumbani."

"Sasa tofauti yenu ni nini?"

Kizito alifikiri. Akasema, "Mimi nimeruhusiwa kuwa na matumaini."

Mzee akatazama mitungi. Akasema matumaini hayo yametumia ulezi wote wa ghala.

Ikaitwa kamati ya ghafla. Wengine wakashauri sherehe iitwe ya mavuno, lakini mavuno yenyewe yalikuwa bado shambani. Mjomba mmoja akasema tuseme kijana anasubiri ndege, hadi watu wagundue pombe itakuwa imekwisha. Wakaafiki. Ikabaki nani wa kusimama kuusema huo uongo.

Wakanitazama mimi.

Sababu yao, wakuu, ndiyo iliyonimaliza. Walisema, wewe mkwe hujawahi kusikika ukisema uongo, wewe watakuamini.

Kesho yake watu wakajaa. Mkwe hakatai kazi ukweni, kwa hiyo nilipoitwa nilisimama. Niliandaa ile habari ya ndege tangu asubuhi. Nikafungua mdomo, ikagoma. Nikasema shemeji yangu Kizito amefaulu, ila hajapata nafasi, na huenda asipate. Nikaketi.

Mjomba alinitazama, sitasahau.

Katekista akaomba ufafanuzi, maana hakuwahi kusikia mtu aliyefaulu akabaki. Kizito akainuka, akaeleza upya habari ya kiwango na foleni. Wengi wakaguna tu.

Aliyelipokea kwanza ni Mzee Masanja. Alisema, hiyo ni kama kunywesha. Ng'ombe wote wakifika kisimani wamefika, hakuna aliyefukuzwa. Lakini maji yakiisha, wa nyuma wanalamba tope. Utasema hawakufika?

Hapo watu wakaanza kuitikia.

Kisha akasimama Anselmi, fundi mwashi. Mimi na yeye tulifanya darasa la saba mwaka mmoja. Aliinuka taratibu kama mtu aliyeanza kuona kitu kwa mbali.

"Daktari, utaratibu huo ni wa mitihani yenu tu, au hata ule wa kwetu wa darasa la saba?"

Kizito angeweza kukwepa. Hakukwepa. Alisema sekondari za enzi zile zilikuwa za kuhesabu, walichukuliwa wachache sana, na wengi walioachwa walikuwa na maksi nzuri tu.

"Kwa hiyo mimi sikufeli."

"Sijui, kaka Anselmi. Inawezekana hukufeli."

Wakuu, hilo "inawezekana" lilitosha. Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu wazima, wenye wake na wajukuu, wakaanza kuinuka mmoja mmoja kutangaza kwamba walifaulu, nafasi ndizo zilizokosekana. Anselmi akampa mkono mkewe kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana. Tito, ambaye nilikaa naye chumba kimoja cha mtihani na nilimwona kwa macho yangu akilala hadi akatoa udenda kwenye karatasi, naye alifaulu. Nikamwacha afaulu. Mzee Masanja, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alisema angesoma naye angefaulu akakosa nafasi.

Pombe ikapata sababu. Ikawa sherehe ya wote waliofaulu wakabaki, na ilinyweka kuliko ambavyo ingenyweka kwa bingwa mmoja.

Katika kelele hizo mama mkwe alikuwa amepiga magoti kwenye mtungi, anachota. Akasimamisha kata. Akamuuliza mwanawe, si kwa sauti kubwa:

"Na Oliva je?"

Oliva alikuwa wa darasa la saba kama mimi. Hadi anakufa alikuwa akisema kichwa chake kizito.

Kizito akajibu, "Mama, hesabu zangu zote alinifundisha Oliva. Kama mimi nilichaguliwa, yeye alifaulu."

Mama mkwe akajaza kibuyu. Akakileta mwenyewe hadi nilipoketi, jambo ambalo mama mkwe hamfanyii mkwe.

"Mke wako alifaulu. Mnywee."

Nikanywa chote.

Mwaka ule Kizito hakupata nafasi. Foleni iliishia mbali mbele yake. Akarudi kwenye vitabu. Mwaka uliofuata akaenda tena Dar.

Safari hii Bi Zuhura hakuniita kutoka mlangoni. Alivuka barabara, akaja hadi kibandani, akanishika bega kama mtu wa kuleta habari ya msiba.

"Fundi, pole. Kashuka. Hamsini na nane. Ila wanasema wamemchukua. Labda wamemhurumia."

Nikapanda baiskeli, nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikasema. Baba mkwe akauliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Kisha akasema, tulipofaulu walitukataa, tumefeli wametuchukua, basi haya ndiyo mageuzi wanayoyatangaza redioni.

Kizito alikuja kufafanua kwamba mtihani wa mwaka huo ulikuwa mgumu, kila mtu alishuka, kiwango chenyewe kikateremshwa hadi hamsini na tano, ila yeye alishuka kidogo kuliko wenzake, kwa hiyo kwenye foleni akawa mbele. Hakueleweka. Wenzake wa Dar waliposikia ametoka Sumbawanga, kashuka maksi akachaguliwa, wakacheka kwa maana yao, ile ya uchawi. Na nyinyi wa mikoa mingine humu msianze.

Mama mkwe alikataa kuloweka hata punje. Alisema atapika siku atakapomwona mwanawe amerudi na ubingwa wenyewe.

Alipika miaka kadhaa baadaye. Kizito alirudi, akaomba apangiwe mkoani kwetu, wenzake wakamshangaa. Wanawake wangapi wametoka mikononi mwake wakaenda nyumbani na watoto wao sijui. Yeye hahesabu, na mimi sijawahi kumuuliza. Najua tu kwamba Anselmi ana mke na mapacha, na Mzee Masanja alipata mahali pa kupeleka wake zake kama alivyotaka.

Nilichojifunza ni hiki. Kiwango kinakuambia nani hatazamwi kabisa. Hakikuambii nani atachukuliwa. Mtu akikuambia amevuka, muulize nafasi ziko ngapi na mbele yake wako wangapi, ndipo uende ghalani.

Madaktari mnaosubiri matokeo, tuelezeni siku hizi mambo yakoje. Na nyinyi wenzangu wa darasa la saba mlioambiwa mmefeli, mliwahi kuziona maksi zenu? Semeni, leo nipo kibandani na wateja ni wachache.